Vitenzi vya Kuamia Ndege

Walimu wenzangu wa idara ya lugha mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kufundisha Kiingereza, kabla sijaanza kusahau. Msiwe na wasiwasi. Majina ya wakaguzi wote walionitembelea nimeshayasahau, na nilifanya makusudi. Vitenzi ndivyo vimegoma kutoka. Hata sasa nikichambua mchicha hapa nyumbani Ifakara, mdomo unajiendea wenyewe: "I wash, I washed, I have washed, I will wash." Mume wangu anadhani nasali, na kwa heshima anapunguza sauti ya redio.

Anayetaka kujua nilipanda daraja lini aende akaulize ofisini, mafaili yapo. Mimi nitaandika juu ya jambo moja tu lililonishangaza siku ya kwanza kazini na likaendelea kunishangaza hadi siku niliyokabidhi ufunguo wa kabati.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa upande wa Mlimba. Nilishuka kwenye treni na godoro, sufuria mbili, na karatasi kubwa ya manila niliyoichora chuoni kwa kalamu za rangi tatu. Ilikuwa na jedwali la nyakati zote za kitenzi cha Kiingereza, na kila wakati una kisanduku chake. Niliibandika ubaoni siku ya kwanza kwa majivuno makubwa. Wanafunzi waliitazama kama watu wanaoonyeshwa ramani ya nchi ambayo hawana mpango wa kwenda. Nilisoma visanduku kimoja kimoja kutoka juu hadi chini. Msichana mmoja aliomba ruhusa ya kutoka nje na hakurudi mpaka kengele ilipolia. Sikumlaumu, nilikuwa natamani kumfuata.

Nyuma ya darasa alikuwa amekaa Mwalimu Ditriki, Mpogoro wa Mahenge, mtu mzima karibu na kustaafu, ambaye mkuu wa shule alikuwa amemwambia aniangalie angalie. Kipindi kilipokwisha akabandua ile manila taratibu, akaikunja vizuri.

"Binti, karatasi hii ni nzuri," akasema. "Tutaiweka dirishani pale, izuie mvua."

Nilitaka kulia. Akajifanya haoni, akaniambia kesho yake nikae mimi nyuma.

Kesho yake aliingia darasani na mafagio. Hakusema habari za wakati uliopo wala uliopita. Aliwapa wanafunzi wanne mafagio na kitambaa, akawaambia wafanye usafi huku wakisema wanachokifanya: "I am cleaning." Vumbi lilipotulia, akaonyesha sakafu kwa mkono, akawauliza wamefanya nini, nao wakajibu baada yake: "I have cleaned." Halafu akawaacha waende zao. Asubuhi iliyofuata, kabla ya salamu, akauliza: "Yesterday?" Darasa zima likapaza sauti: "Yesterday I cleaned!" Hakuna aliyeomba kutoka nje.

Baadaye tukiwa kwenye kivuli cha ukuta wa jiko la walimu alinieleza. "Sisi Waswahili wakati tunauweka tumboni mwa neno. Ninasafisha, nilisafisha, nimesafisha, nitasafisha. Umeona? Tumboni. Mwingereza tumbo haligusi. Anashika mkia." Akachukua kijiti akaandika chini kwenye mchanga neno "clean", kisha akaongeza herufi mbili mwishoni. "Basi. Jana imeshaingia."

Mimi jambo hilo nilikuwa nimelisoma, nimelifanyia mtihani na nimelifaulu. Lakini siku ile ndipo nililiona. Herufi mbili tu, na kazi iliyokuwa mikononi mwa mtu inaondoka inakwenda kukaa pamoja na yote yaliyokwisha. Anayeosha sahani kwenye nchi yenye baridi ambako sitafika maishani anatumia mkia uleule, na mtoto wa Uchindile aliyetoka kupanda miche ya misonobari na baba yake anautumia vilevile, bila kulipia na bila kuomba kwa mtu. Nilikaa nikiangalia yale maandishi mchangani hadi kuku wakaja wakayaparua.

Mwalimu Ditriki ndiye aliyenifundisha na mambo ambayo chuo hakifundishi. Ubao ulipofubaa tulikuwa tunaponda mkaa wa betri chakavu pamoja na majani ya matembele, tunapaka kwa kitambaa Ijumaa mchana ili ukauke hadi Jumatatu. Alikuwa mkali sana kwenye hilo. Alisema ubao ukififia, herufi ya mwisho haionekani, na mtoto anabaki leo wakati mwalimu wake yuko jana. Ninyi mna ubao mweupe na kalamu za wino. Wino nao unafubaa, nawaambia, na majani ya matembele hayausaidii.

Alinikataza pia kufundisha vitenzi vya kitabuni. Kitabu cha wakati ule kilikuwa na bwana mmoja anayepaka siagi kwenye mkate kila ukurasa. Wanafunzi wetu hawakuwa na neno na huyo bwana, ila hawakumjua. Basi nikaanza kuokota vitenzi vya hukuhuku: kupanda, kupalilia, kuvuna, kupura, kupepeta, kupika, kubeba. Nikaviandika kwa Kiingereza kimoja baada ya kingine, na hapo nikapata mshangao wa pili. Karibu kazi zote za mpunga ni vitenzi vyenye adabu. "Plant" inakwenda "planted". "Weed" inakwenda "weeded". "Harvest", "thresh", "winnow", "cook", vyote vinashika mkia vinafuata foleni. Vinavyokosa adabu ni kula, kunywa na kulala. Nimewaambia hivyo wanafunzi wangu miaka yote, na kila mwaka wanacheka palepale.

Kuna kesi ngumu, nanyi mtakutana nayo kesho asubuhi. Mwanafunzi atawaandikia "I did not planted". Msimfokee. Mwambieni kwamba "did" ameshaibeba jana kichwani, hivyo yule wa nyuma aende mikono mitupu, maana mzigo ni mmoja. Halafu mwiteni mbele abebe ndoo, mwenzake atembee bure kando yake. Ataelewa. Baada ya wiki atakosea tena. Mtamwita tena abebe ndoo. Ndiyo kazi yenyewe, hakuna siri nyingine.

Miaka ya mwisho niliihamishia hapa Ifakara, kwenye shule ya kata iliyo upande wa kwenda Kivukoni. Mto Kilombero niliukuta bado unavukwa kwa pantoni, nikaja kuuacha unavukwa kwa daraja. Lakini kuna kitu ambacho daraja halikukibadilisha. Mpunga unapoanza kutia maziwa, watu wanahamia mashambani, kule mbugani ng'ambo ya mto. Wanafunga mlango wa nyumba, wanabeba sufuria, kuku na watoto, na wanajenga madungu. Kwa mgeni asiyejua, dungu ni jukwaa la miti lenye kipaa cha nyasi, limeinuliwa juu ya mpunga ili mtu aone mbali. Kila pembe ya shamba ina lake, na juu ya kila dungu kuna mtu anayeamia ndege toka kunapopambazuka hadi jua kuzama. Mtu huyo, mara nyingi, ni mwanafunzi wangu wa kidato cha pili.

Darasa lilikuwa linapukutika. Unaingia asubuhi unakuta madawati yanakutazama. Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Haule, mtu wa haki lakini mgumu kama jiwe la kusagia, alikuwa na agizo kutoka juu: mtoro ambaye hatarudi hadi muhula unafungwa, jina lake lifutwe. Nilimwambia kwamba hawa si watoro, wapo mbugani wanalinda chakula.

"Madam," akanijibu, "daftari la mahudhurio halina safu ya ndege."

Mwaka ninaoukumbuka kuliko yote, kati ya waliokuwa wamekwenda mbugani alikuwemo Nkwimba, binti wa Mzee Masanja. Hawa ni Wasukuma waliokuja bondeni na ng'ombe wao, Nkwimba akiwa bado anabebwa mgongoni, kisha baba akaanza na mpunga. Darasani alikuwa msichana wa maneno machache, anayesikiliza kwa mwili mzima. Siku ya mwisho kabla ya kuhamia shamba alibaki nyuma wenzake walipotoka, akawa anajifanya anafuta ubao uliokwisha kufutwa.

"Madam, jina la mtu likishafutwa, anaweza kurudi?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sijawahi kuona aliyerudi. Akaitikia kwa kichwa, akafuta tena ubao, akaaga. Usiku na mchana uso wake ulinikaa moyoni.

Jumamosi nilikodi bodaboda hadi ng'ambo ya daraja, kisha nikavua viatu nikashika kwa miguu matuta ya majaruba, yale yanayogawa mashamba ya mpunga. Nilipofika kwa Mzee Masanja alikuwa juu ya dungu lake akivuta kamba ndefu iliyofungwa makopo. Aliponiona akateremka, akanisalimia kwa adabu na kuniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma chao, ingawa tunalingana umri. Nikamweleza nilichofuata.

"Mayu, nimekusikia," akasema. "Sasa na wewe angalia kule."

Nilidhani ni moshi. Moshi ukageuka, ukashuka, ukalala juu ya mpunga. Ni kwelea kwelea, ndege wadogo ambao mmoja unaweza kumfumbata kiganjani, na walikuja kama shuka linalokunjuliwa. Toka madungu yote ukapanda ukelele wa "hooo!", makopo yakalia, na lile shuka likanyanyuka zima likaenda kutafuta shamba la mwingine. Nilisimama pale na viatu mkononi, nikalifuata kwa macho.

"Nikimtoa Nkwimba pembe ile, ndani ya siku chache hakuna shamba," alisema Mzee Masanja. "Mpunga huu ndio sare yake, ndio daftari zake, ndio ugali wetu. Ukiliwa, atakuja shuleni kwako amekula nini? Wakimfuta, wamfute. Wapo wengi waliobaki nyumbani na wanaishi."

"Baba Nkwimba, yeye mwenyewe anasemaje?"

"Muulize. Yule pale."

Nikapanda kwenye dungu la Nkwimba kwa ngazi ya miti miwili ambayo haikujengwa kwa ajili ya mtu wa mwili wangu. Alinipokea, akaninyooshea pa kukaa. Alikuwa ameanza kukauka sauti. Tukakaa tukiangalia mpunga. Mimi nilikuwa bado natafuta maneno ya kumfariji. Ndege wakaja tena. Akavuta pumzi ya kupiga kelele, halafu akanigeukia.

"Madam, nimechoka na hoo. Kutwa nzima hoo, hoo. Nipe neno."

"Neno gani?"

"Lolote. Tulilosoma."

Nikasimama, nikashika mguu wa dungu, nikapaza sauti yote niliyopewa na Mungu: "I plant!"

Ndege wakanyanyuka. Nkwimba akacheka, akaweka mikono mdomoni akajibu: "I planted!" Kabla sijavuta pumzi, kutoka dungu la jirani ambako alikuwepo Prosper, mwanafunzi mwenzake, mtoto wa Kindamba anayesinzia katika vipindi vyote vya mchana, ikaja sauti nzito: "I have planted!" Na mbali kabisa, ambako mimi nilikuwa naona nyasi tu, sauti nyembamba ikamalizia: "I will plant!"

Sikujua kama kule kuna mtu wangu. Nikaita kitenzi kingine, "weed". Kikapokewa, kikazunguka, kikarudi. Nikaita "harvest". Darasa langu lililopukutika halikuwa limepotea, lilikuwa limetawanyika mbugani, kila mmoja na pembe yake, na sasa lilikuwa linajibu. Sina aibu kuwaambia kwamba nilitokwa na machozi. Yale maneno ya mkia niliyoonyeshwa mchangani nikiwa binti mdogo sasa yalikuwa yanapita juu ya mpunga wa watu na kuwafukuza ndege, na mpunga wenyewe ulikuwa umesimama chini yetu umepandwa, umepaliliwa, unasubiri kuvunwa.

Nilirudi kila Jumamosi na Jumapili, Misa ikiisha. Katikati ya wiki wanafunzi waliendelea wenyewe. Wakachoka na vitenzi vyangu wakaanza kuita vyao, "chase", "shout", "pull", "watch". Wakikosea walisahihishana kwa kelele dungu hadi dungu, na ukali wao ulinishinda hata mimi. Bibi mmoja wa dungu la tatu, ambaye hajawahi kukaa darasani, akajifunza "I have cooked!" na akawa anawapigia ndege kwa hasira ya kweli kweli, hata kama hana kitu jikoni. Mzee Masanja hakuitikia hata neno. Alikuwa anavuta kamba yake na kutazama mbele.

Wiki ya mwisho ya muhula nilimfuata Mwalimu Haule ofisini nikamwomba jambo moja, kwamba kabla ya kufuta jina lolote aje mbugani kwa macho yake. Alisema atakuja, ila na daftari, na kwamba atawapa wazazi taarifa za kufutwa palepale ili asirudi mara mbili. Tukaondoka alfajiri na bodaboda mbili. Alivaa tai. Nilimwambia kuhusu matope akasema yeye yuko kazini.

Tulifika ukungu ukiwa unanyanyuka, ndege bado hawajaanza. Mzee Masanja alituona toka juu, akasalimia, akabaki kulekule kwenye dungu lake. Mwalimu Haule akasimama juu ya tuta, suruali imelowa hadi magotini, akatazama huku na huku. Mpunga ulikuwa umefunika kila kitu. Hakukuwa na mtoto hata mmoja anayeonekana.

"Wako wapi?" akaniuliza.

"Ita majina, mkuu," nikasema.

Akaniangalia kama mtu anayetaniwa. Kisha akafungua daftari, akakohoa, akaita jina la kwanza kwa sauti ileile ya mstarini asubuhi. Kimya. Halafu dungu la karibu likalipokea lile jina, likalirusha kwa dungu la pili, la pili kwa la tatu, likawa linakwenda likipungua hadi hatukulisikia tena. Nikaona uso wa Mwalimu Haule unaanza kukunjamana kwa mashaka. Ndipo jibu likaanza kurudi, kwanza dogo kama la mdudu, likapokewa, likakua, likatufikia: "Yes, sir!"

Akaweka alama. Akaita jina la pili, nalo likaenda na kurudi. La tatu. Prosper alijibu mwenyewe karibu yetu, macho makavu kabisa, hajasinzia. Bonde zima lilikuwa kimya likisubiri jina linalofuata, na wazazi walikuwa wamesimama juu ya madungu yao, wengine wamevua kofia. Nimehudhuria mahafali mengi yenye wageni rasmi na spika kubwa. Sijawahi kusikia kitu kama kile.

Akafika kwa Nkwimba Masanja. Akaita. Dungu la Nkwimba lilikuwa hata si mbali, nilikuwa namwona amesimama. Alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Wiki zote zile za kupiga kelele zilikuwa zimemaliza sauti yake, imebaki pumzi tu. Akajaribu tena, akashika koo. Mwalimu Haule alikuwa ameinamia daftari, hakumwona. Akarudia jina mara ya pili, kalamu ikiwa tayari.

Nilitaka kuitikia mimi, lakini hiyo haikuwa nafasi yangu, nami nililijua hilo.

"Yes, sir!"

Ilikuwa sauti ya mtu mzima. Mwalimu Haule akainua kichwa haraka.

"Nani huyo?"

Mzee Masanja alikuwa amesimama wima kwenye dungu lake, ameachia kamba, mikono imenyooka mapajani kama mwanafunzi mbele ya bendera.

"Ni mimi, mwalimu. Baba yake. Sauti yake imeishia kwenye mpunga wangu, lakini mwenyewe yupo, yule pale anakuangalia. Mwandike. Tukishavuna nitamleta kwa mkono wangu, na sauti yake ikiwa haijarudi siku hiyo, nitamwitikia tena."